Chungu Kimoja: Mlo wa Mtoto Mdogo Kutoka Jiko la Familia

Mtoto anapotimiza umri wa miezi 6, jiko la nyumba nyingi za Tanzania na Kenya hugawanyika mara mbili, kwa kuwa wakubwa hupikiwa wali kwa maharage, ndizi kwa nyama au ugali kwa dagaa, ilhali mdogo huwekewa sufuria yake ya uji asubuhi, mchana na jioni. Mgawanyiko huo humchosha mpishi, hula mkaa na muda, na kibaya zaidi humnyima mtoto vyakula ambavyo mwili wake unavihitaji kuliko mwili wa mtu mwingine yeyote nyumbani humo. Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja moja: mlo bora wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hutoka katika chungu kile kile cha familia, mradi fungu lake litengwe mapema, lipondwe kulingana na umri wake na litiwe kitu kimoja au viwili vya kulikoleza.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi afikishe miaka 2 au zaidi. Chakula cha nyongeza ni chakula chochote, kiwe kigumu, laini au cha majimaji, kinachotolewa pamoja na maziwa ya mama wala si badala yake. Mpaka huo wa miezi 6 una sababu ya kimaumbile, kwani mtoto aliyezaliwa kwa wakati na kwa uzito wa kutosha huja na akiba ya madini ya chuma mwilini, na akiba hiyo hupungua sana kadiri nusu mwaka inavyokaribia, ilhali maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Kuanzia hapo chuma hakina budi kuingia kwa kijiko, na uji mtupu wa mahindi hauwezi kukileta kwa kiasi kinachotosha, kwa sababu nafaka zina fitati, yaani kemikali ya asili inayoshikamana na chuma na zinki tumboni na kuzuia madini hayo yasifyonzwe.

Takwimu za Tanzania zinaonyesha jinsi wingi wa nafaka unavyoweza kudanganya. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wana udumavu, yaani kimo kilicho pungufu kwa umri wao kutokana na lishe duni na maradhi ya kujirudia, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni miongoni mwa maghala ya mahindi ya nchi. Katika Iringa peke yake, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na hali hiyo. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo kuhara mara kwa mara, mimba zinazofuatana kwa karibu na kazi za shamba zinazomtenga mama na mtoto mchana kutwa, lakini ghala lililojaa mahindi halijazi sahani ya mtoto ikiwa kinachotoka humo ni unga na maji tu.

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa lishe kupima sahani hiyo ni makundi 8 ya vyakula, ambayo ni maziwa ya mama; nafaka, mizizi na ndizi za kupika; jamii ya kunde pamoja na karanga na mbegu; maziwa ya wanyama na mazao yake; nyama, samaki na ini; mayai; mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi, kama mchicha, karoti, maembe na viazi lishe; na mwisho mboga na matunda mengineyo. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 anatarajiwa kupata angalau makundi 5 kwa siku. Mlezi akihesabu mlo wa kawaida wa mchana wa wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki, kisha akajumlisha maziwa ya mama, atakuta makundi 5 yametimia bila kununuliwa chochote cha ziada, ilhali uji wa asubuhi hadi jioni pamoja na kunyonya hutoa 2.

Uji wenyewe haustahili kufukuzwa jikoni, ila unastahili kurekebishwa. Tumbo la mtoto hubeba takribani gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mtoto wa kilo 8 hushiba kwa kiasi kisichofika kikombe cha mililita 250, na kikombe hicho kikiwa kimejaa uji mwepesi, sehemu kubwa ya alichomeza ni maji. Kanuni nyepesi ya kupima uzito wa chakula ni kuinamisha kijiko: chakula kikibaki kijikoni au kikidondoka polepole kwa mabonge kinafaa, kikimiminika kama chai kinahitaji kuongezwa unga au kitu kingine. Tatizo ni kwamba uji mzito humshinda mtoto mchanga kumeza, na hapo ndipo kimea kinapofaa. Kimea ni unga wa nafaka iliyooteshwa, hasa ulezi, na katika miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, waliuchunguza unga huo, ambao ulikuwa ukijulikana vijijini kwa kutengenezea pombe na togwa, wakaonyesha kwamba kiasi kidogo chake hulainisha uji mzito bila kuupunguzia nguvu. Nafaka inapoota hutoa kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho huivunja wanga na kuifanya iachie maji iliyoyashika, kwa hiyo uji uliokuwa haukorogeki hugeuka wa kunyweka ndani ya dakika chache.

Ulezi wa kimea hulowekwa usiku kucha, huchujwa, hufunikwa kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu hadi uchipue, kisha huanikwa juani ukauke kabisa, husuguliwa ili machipukizi yadondoke, na kusagwa. Ulezi ni salama kuliko mtama kwa kazi hii, kwa sababu machipukizi ya mtama huwa na sumu ya sianidi. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha uji mzito hutosha, nao utiwe uji ukiwa umeepuliwa na kupoa kidogo, kwani joto la kuchemka huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Uji ukishalainika hurudishwa jikoni uchemke tena ili vijidudu vilivyoingia na unga wa kimea vife.

Jambo linalohitaji kusemwa bila kuzunguka ni kuhusu unga wa lishe unaouzwa sokoni au kusagishwa mashineni kwa kuchanganya mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya na karanga. Mchanganyiko huo una heshima kubwa mitaani, hata mama asiyeutumia huonekana hamjali mwanawe, lakini nafaka tano zilizosagwa pamoja bado ni kundi moja la chakula. Karanga na soya, zikikaa ndani ya unga kwa wiki kadhaa, huufanya uchache na kunuka mafuta yaliyoharibika, na punje chache mbovu huharibu mfuko mzima, kwa sababu mahindi na karanga ndizo mazao yanayoshambuliwa zaidi na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na aina fulani za ukungu shambani na ghalani. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua tena katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Lililo jema ni kusaga nafaka moja au mbili tu, kwa kiasi kidogo kitakachokwisha upesi, na karanga zichambuliwe kwa mkono, zilizosinyaa, kubadilika rangi au kuota ukungu zitupwe, kisha zilizo nzima zikaangwe na kutwangwa siku ya kupika.

Njia ya chungu kimoja yenyewe ni fupi. Mpishi hupika chakula cha familia kama kawaida lakini huchelewesha chumvi, pilipili na viungo vya paketi hadi mwisho, na chakula kinapoiva hupakua kwanza fungu la mtoto kwa upawa, ndipo hutia chumvi na kuendelea na kilichobaki. Figo za mtoto wa chini ya mwaka 1 hazijakomaa vya kutosha kuhimili chumvi ya watu wazima, na ulimi uliozoeshwa chumvi mapema huendelea kuidai. Kitunguu, nyanya, tangawizi kidogo, bizari na majani ya kotimiri hayana ubaya wowote, na mtoto wa pwani anayekua akinusa iliki na karafuu hana sababu ya kulishwa chakula kisicho na harufu. Magadi yaachwe kabisa katika fungu hilo, iwe ni kwa maharage au kwa mlenda, kwa sababu huongeza sodiamu na kuharibu baadhi ya vitamini za kundi B. Fungu likishatengwa hupondwa kwa mwiko au uma, kisha hutiwa kitu cha kulipa nguvu: kijiko cha tui zito, samli au mafuta ya mawese, yai lililochemshwa likaiva na kupondwa, unga wa dagaa au karanga za kutwanga.

Mtori wa Kilimanjaro unafaa kuwa mfano wa kwanza, kwa sababu umepondwa tayari. Ndizi mbichi huchemshwa pamoja na nyama na kitunguu hadi zote zilainike, nyama hutolewa, ndizi hupondwa ndani ya supu, kisha nyama hurudishwa. Kosa linalofanyika hapa, kama linavyofanyika kwa kila mchuzi wa nyama na samaki nchini kote, ni kumpa mtoto ndizi na supu na kumwachia baba nyama, kwa dhana kwamba nguvu yote ya nyama imeshuka ndani ya mchuzi. Haikushuka. Supu ina ladha, chumvi na mafuta kidogo, lakini protini na chuma kwa sehemu kubwa vimebaki katika mnofu, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kidole gumba kikinyambuliwa, kikatwangwa kinuni na kurudishwa katika bakuli la mtoto, kimemfaa kuliko vikombe viwili vya supu. Ini hupondeka kwa urahisi kuliko nyama na lina chuma na vitamini A kwa wingi mno, kiasi kwamba mara moja kwa wiki hutosha.

Maharage hulowekwa usiku, maji ya kulowekea humwagwa, na maharage huchemshwa hadi yapondeke kwa vidole. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 8 husukumwa kwa kijiko katika chujio ili maganda yabaki juu, ila mtoto aliyetimiza mwaka huyala na maganda yake. Fungu lake huchanganywa na wali uliorudishwa jikoni kwa tui hadi ukawa laini, na mara baada ya kula hupewa kipande cha papai, chungwa au embe, kwa kuwa vitamini C iliyomo katika matunda hayo hukisaidia chuma cha maharage kufyonzwa. Chai hufanya kinyume chake. Tanini iliyomo katika majani ya chai huzuia chuma kufyonzwa, hivyo desturi ya kumpa mtoto chai ya rangi pamoja na chakula inaondoa kwa mkono mmoja kile ambacho mlo huo ulikusudia kuleta.

Dagaa, ambao Wakenya huwaita omena, ndio nyama ya bei nafuu kuliko zote, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao huleta kalsiamu pia. Wale waliokaushwa mchangani huoshwa mara kadhaa hadi mchanga uishe, wale wa chumvi hulowekwa na maji yake kumwagwa, kisha hukaushwa tena kwa kuchomwa kidogo kikaangoni na kutwangwa hadi wawe unga laini unaochekechwa. Kijiko kimoja cha chakula cha unga huo huingia katika kiazi lishe kilichopondwa, katika ugali laini, au katika mchicha uliopikwa kwa karanga, na mtoto hali mwiba hata mmoja. Samaki wabichi, changu au sato, nao ni wazuri, ila mlezi hana budi kuunyambua mnofu kwa vidole vyake mwenyewe, kwa kuwa macho peke yake hayauoni kila mwiba.

Bara ya Kenya ina githeri, ambayo punje zake za mahindi zina ganda gumu kwa meno machache, lakini ikiongezwa viazi na majani ya malenge na kupondwa ikawa mukimo, huliwa na mtoto wa miezi 9 na bibi yake kwa sahani zinazofanana. Pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, kuna bokoboko, yaani ngano iliyochemshwa kwa muda mrefu pamoja na nyama na kupondwa kwa mwiko hadi nyama ipotee nyuzi nyuzi, chakula kinachofanana na harisi ya Omani, nacho kwa mtoto hakihitaji kufanyiwa chochote zaidi ya kutengwa kabla ya chumvi. Kisamvu kiangaliwe kwa makini, kwa sababu majani ya muhogo yana sianidi inayotoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa sana bila kufunikwa; kisamvu cha haraka haraka si cha mtoto wala cha mkubwa.

Kuhusu kiasi, mtoto wa miezi 6 huanza kwa vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku, na taratibu hufikia nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 hula nusu kikombe mara 3 hadi 4. Na kuanzia mwaka 1 hadi 2 hula robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima mara 3 hadi 4, pamoja na vitafunio mara moja au mbili. Ulaini nao hupungua hatua kwa hatua: kilichopondwa sana mwanzoni, chenye chembe chembe miezi 8 au 9, vipande laini vya kushika mwenyewe baada ya hapo, na chakula cha familia chenyewe karibu na mwaka 1. Mtoto anayeendelea kulishwa vilivyosagwa na mashine hadi kupita miezi 10 mara nyingi huvikataa vyenye chembe baadaye, na mlezi humdhania ana tatizo la koo.

Mtoto awe na bakuli lake. Kula sinia moja ni adabu na mapenzi, na mtoto aketi hapo hapo na wenzake, lakini anayechota kwa mkono mdogo kati ya mikono ya kaka zake hushindwa, na mama hawezi kujua ameshiba au amechoka. Kumlaza mtoto na kummiminia uji mdomoni huku amebanwa pua, jambo ambalo bado hufanyika, ni hatari ya kumpalia na humfundisha kukiogopa chakula. Njia inayofaa ni kumketisha wima, kumtazama, kungojea afungue kinywa, na kuacha anapogeuza uso. Chakula kipya kilichokataliwa leo hurudishwa kesho kutwa bila ugomvi, hata mara kumi.

Yapo machache ya kuepukwa bila mjadala. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijimbegu vya botulinamu vinavyoota katika utumbo wake na kumpooza. Karanga na korosho nzima, bisi, peremende na vipande vigumu vya karoti mbichi haviliwi na mtoto wa chini ya miaka 5, kwani humpalia. Karanga zilizotwangwa, kinyume chake, zinaweza kuanza mapema, na utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuzianza mapema hupunguza mzio wa karanga kwa watoto walio katika hatari. Yai, ambalo katika baadhi ya jamii watoto hunyimwa kwa imani za zamani, litolewe tangu mwanzo likiwa limeiva kabisa. Biskuti, soda na juisi za paketi hushibisha bila kulisha. Parachichi lililopondwa, ndizi mbivu au kipande cha kiazi lishe kilichobaki jana ni vitafunio bora na aghalabu vya bei ya chini.

Mtoto akiugua huendelea kunyonya na kula kidogo kidogo mara nyingi zaidi, na akipona huongezewa mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi ili arudishe uzito uliopotea. Chakula kisichowekwa kwenye jokofu kiliwe ndani ya saa mbili, na kilicholala jokofuni hupashwa moto hadi kitoe mvuke kote, kisha kipozwe. Fungu litengwe dogo na kuongezwa pale mtoto anapodai, kwa sababu kilichoguswa na kijiko chake kimeingia mate na hakiwekwi akiba. Dada au kaka yake akimalizie hapo hapo.